Mwalo Wetu Ulikuwa na Taa Mbili

Nyinyi mnaokaa pale kwenye kibanda cha kuchajia simu, haya nawaandikia nyinyi, na siandiki kwa upole. Upole niliumaliza kazini. Nimetunza taa za mwalo huu, bandari yetu ndogo ya mitumbwi, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na siku ya kustaafu mlinipa kiti cha plastiki, mbuzi na hotuba. Kiti kimevunjika. Mbuzi tulimla pamoja, na nyinyi mlikula kuliko mimi, niliwaangalia. Imebaki hotuba. Ndani yake Masereka, mwenyekiti wenu wa mitumbwi, alisema Mzee Bwambale ametufundisha mengi. Basi nataka kujua ni yapi.

Mnara mnauona kila siku, ndiyo maana hamuujui. Ni wa mawe, umejengwa na kampuni ya samaki ya wakati wa Wazungu, kampuni iliyokufa kabla wengi wenu hawajazaliwa. Wageni wanaokwenda kutazama simba husimamisha gari hapa na kuupiga picha. Mmoja wao aliniambia kwamba kwao, kwenye kisiwa cha bahari ya Mediterania, kuna mnara wa taa wa kale kuliko huu, mkubwa, na watu wanalipa kiingilio kuuona. Nikamuuliza kama taa yake bado inawaka. Akasema hapana, siku hizi ni makumbusho. Nikampa pole. Mnara usiowaka ni choo kirefu.

Huu wetu unawaka. Lakini haukuwahi kuwaka peke yake, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Taa zilikuwa mbili. Moja juu ya mnara, nyingine chini ufukweni, kwenye ile nguzo iliyo mbele ya mnara, karibu na maji. Wavuvi waliita ya juu Mama na ya chini Mtoto. Ukiwa mbali ziwani unarudi, unatafuta Mama, halafu unatafuta Mtoto. Ukiona Mtoto yuko chini ya Mama, wamesimama sawasawa kama mwanamke aliyebeba, basi uko kwenye njia yetu, piga kasia. Ukiona Mtoto amekwenda kulia kwa Mama, ujue umepotelea kushoto, upande wa Congo, na huko maji hayana ukuta wala bango, yana wanajeshi tu. Ukiona Mtoto amekwenda kushoto, umepotelea kulia, kwenye mawe na viboko. Dawa ni moja kwa pande zote mbili: mfuate Mtoto. Alikokwenda, nawe nenda huko, mpaka arudi mgongoni.

Hakuna la kusoma hapo. Mlevi aliweza. Nimewaona walevi wakirudi wameketi wima kama makatekista, kwa sababu walimfuata Mtoto.

Aliyenifundisha ni Papa Musubao. Alikuja kutoka upande wa Butembo, huko Congo, wakati wa vita moja kati ya zile vita zao, na rozari shingoni na mkasi mfukoni. Mkasi ulikuwa wa utambi. Wakati huo taa zilikuwa za mafuta, na yeye alikata utambi kama kinyozi anavyomnyoa hakimu: sawa juu, kisha pembe mbili anazipunguza kidogo ili moto usitoe masikio. Moto wenye masikio unachora moshi kwenye kioo, na kioo chenye moshi ni kama hakuna taa. Kioo tulikisugua kwa majivu laini na kitambaa kikavu, asubuhi, kikiwa kimepoa. Ukigusa kioo cha moto kwa kitambaa chenye maji, utakisikia kinalia, na baada ya kilio hicho unakwenda sokoni.

Na kwenda sokoni kulikuwa kazi yangu, kwa sababu Papa Musubao aliwaonea huruma wauzaji. Mimi sikuwa na ugonjwa huo. Nilikwenda mpaka Mpondwe, mpakani, siku ya soko, nikatembea mbele ya wauza mafuta wote bila kununua, halafu nikarudi kutoka mwisho kuja mwanzo, kwa sababu muuzaji aliyekukosa mara ya kwanza anakuita kwa sauti nyingine mara ya pili. Mafuta hayajulikani kwa kunusa, muuzaji mwenyewe amevaa harufu hiyo hiyo. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uiweke juani. Mafuta safi huondoka bila kuaga. Yaliyochanganywa na dizeli huacha doa, na doa hilo unamwonyesha mwenyewe mbele ya wateja wake, polepole, kwa heshima, huku ukimuulizia watoto. Hapo bei hushuka yenyewe.

Siku moja Papa Musubao alifuatana nami. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na vioo vya taa, na kimojawapo kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akanipa kwa nusu bei. Nilikuwa nimeshakishika, nimeshafurahi, ndipo mzee akakichukua mkononi mwangu na kukirudisha mezani.

“Bwambale, kioo ya nusu bei italeta mwangaza ya nusu,” alisema kwa Kiswahili cha kwao. “Na batu beko ndani ya maji, ni bazima. Hakuna nusu ya mutu.”

Tukarudi bila kioo, tukatumia cha akiba. Njia nzima kwenye gari nilinuna. Leo sinuni tena kwa ajili ya jambo hilo. Nanuna kwa ajili yenu.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kuhesabu mara mbili. Jioni mitumbwi ikitoka tunahesabu, halafu tunahesabu tena kuanzia upande wa pili. Asubuhi ikirudi, hivyo hivyo. Nilimuuliza kwa nini, macho yangu ni mazuri. Akasema macho iko mwongo, inaona kile inapenda kuona. Mara ya kwanza unahesabu unachopenda, mara ya pili unahesabu kilichopo. Watu hunicheka kwa tabia hii. Nahesabu chenji mara mbili, nahesabu mayai mara mbili, kwenye ndoa ya binti yangu nilihesabu mbuzi wa mahari mara mbili mbele ya wakwe, na mara ya pili alipatikana mmoja amelala nyuma ya wengine. Wakwe walifurahi. Mimi ndiye niliyekuwa nimewapunja, na mimi ndiye niliyejirekebisha. Hiyo ndiyo faida yake.

Baadaye ulikuja mradi wa sola, ukatupa taa mbili mpya, kila moja na paneli yake na betri yake. Sikuupinga. Wengi walidhani mzee wa mafuta atalia. Nani alie kwa kuacha kubeba jerikeni? Nilijifunza nyaya, nikajifunza kufuta paneli alfajiri kabla ya jua kukikausha kinyesi cha ndege, nikajifunza kwamba wadudu wa ziwa wanaozonga taa hubanduka kwa sabuni ya kipande, si ya unga. Mnara wenyewe ulipopata ufa, nilikwenda Kikorongo kwenye njia panda, nikakaa na madereva wa malori yanayotoka Hima, nikabadilisha ngege wa kukaushwa kwa mifuko ya saruji. Dereva alitaka samaki wakubwa, nikamwambia wakubwa wana mifupa mikubwa. Akanikubalia. Ufa ule haujafunguka mpaka leo. Tazameni upande wa mlango.

Nayasema haya ili mjue kwamba mambo mapya siyaogopi. Mlichofanya hakikuwa kipya. Kilikuwa kijinga tu.

Sijamaliza hata msimu mmoja wa kustaafu, nikapita ufukweni nikaona nguzo ya Mtoto iko uchi. Taa hakuna, paneli hakuna, betri hakuna. Nikafikiri ni wezi. Nikapiga mbio, kwa magoti haya, kwenda kumwambia Masereka. Nilimkuta kibandani kwenu, amekaa kwenye benchi, na Mtoto ananing'inia juu ya kichwa chake, na chini yake simu zenu zimejipanga zinanyonya kama watoto wa nguruwe.

Masereka si mtu mbaya. Ana ulimi wa asali na anajua kucheka. Aliniambia kwamba kamati ilikaa, ikaona mwalo una taa mbili zinazofanya kazi moja, na vijana hawana mahali pa kuchaji wala pa kutazama mpira. Tena siku hizi kila mvuvi ana simu yenye ramani. Mpaka wenyewe unaonekana, mstari kabisa.

Nikamuuliza simu ikilowa inaonyesha nini. Mkacheka. Nikamuuliza ikiisha moto. Mmoja wenu akasema, ndiyo maana tunachaji hapa, Mzee. Mkacheka zaidi. Nakubali, jibu lilikuwa zuri. Mtu aliyekaa nchi kavu huwa na majibu mazuri.

Sasa nisikilizeni juu ya Muhindo, maana mnaipita habari yake kama watu wanaoruka kinyesi njiani.

Muhindo ni mtoto wa Biira, yule mama anayekausha samaki kando ya mnara. Mtumbwi aliokuwa anauendesha ulikuwa wa Biira. Aliupata kwa moshi. Miaka na miaka amepuliza kuni mpaka macho yake yakawa mekundu daima, ndipo akanunua mbao, akalipa fundi, akanunua nyavu. Hakuwahi kupanda ndani yake, kwa sababu hapa kwetu mwanamke akipanda mtumbwi wa kuvulia watu husema samaki watahama. Alikuwa anaupapasa tu ukifika.

Wiki moja baada ya nyinyi kumchukua Mtoto, asubuhi ile mitumbwi iliporudi, nilikuwa nimesimama ufukweni. Sina kazi tena, lakini miguu haijaambiwa. Nikahesabu, ukapungua mmoja. Nikahesabu tena, ukapungua ule ule.

Muhindo alirudi siku kadhaa baadaye kwa miguu, akipitia Mpondwe, bila viatu, amevaa fulana ya kwaya ya parokia ya huko ng'ambo ambayo mtu mwema alimpa. Mgongo wake siuelezi, mama yake anasoma. Mtumbwi ulibaki, nyavu zilibaki. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya mnara, nami nikamletea uji.

“Mama nilimwona, Mzee,” aliniambia. “Mtoto sikumwona. Nikasema labda wadudu wamemfunika, nikaelekea kwa Mama tu.”

Hivyo ndivyo taa moja inavyofanya. Inakwambia nyumbani kupo. Haikwambii wewe uko wapi. Ukitoka kushoto unaiona, ukitoka kulia unaiona, na pande zote mbili unajipongeza. Giza tupu lingemfanya asubiri mapambazuko. Taa moja ilimwita, akaifuata, akakutana na askari wa upande wa pili kwenye boti.

Nikamuuliza simu je. Akacheka kidogo, kwa maumivu ya mbavu. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, ikalia, akafikiri ni mama yake. Ulikuwa ujumbe wa mtandao wa Congo, unamkaribisha.

“Ilikuwa ya kwanza kujua,” alisema. “Halafu wale wakaniuliza, weye, huku unatafuta nini? Nikawaambia natafuta kwetu.”

Mkaitisha mkutano. Masereka akasema pole kwa Mama Biira, akasema ni uzembe wa kijana, na kwamba kila mtu awe makini. Makini. Neno hilo halina utambi wala betri. Biira alikuwa amekaa chini, amefunika mdomo kwa kitenge. Muhindo alikuwa ameshapata kazi ya kuvulia mtumbwi wa mtu mwingine, kwa sababu mtu hali pole. Kesho yake angetoka tena, na Mtoto bado anachaji simu zenu. Hilo ndilo lililokuwa tumboni mwa Biira pale, na mwangu pia.

Nikasimama, nikasema maneno yangu. Yalikuwa mazuri, hayakusaidia. Mtu mmoja nyuma akasema mzee anatafuta kurudishwa kazini.

Basi kesho yake mchana, wakati mnaanza kupakia nyavu, nikapanda mnara nikamtoa Mama.

Mnauliza nilipata wapi ufunguo, na nilikabidhi mbele yenu nyote? Nilikabidhi mmoja. Mtu anayehesabu mbuzi mara mbili, mlidhani angekuwa na ufunguo mmoja?

Nikashuka na taa, nikaiweka mapajani, nikakaa kwenye ngazi ya chini na kufunga mlango nyuma yangu. Nikawaambia waliokuwa karibu: leo hakuna Mama. Mwenye ramani aende na ramani.

Hapo ndipo ilipoonekana ni nani anayeamini simu. Mlisimama pale na nyavu mabegani. Hakuna mtumbwi uliosukumwa. Mlinitukana, nilisikia yote, moja lilihusu mama yangu na lilikuwa la uongo. Mkamwita hata askari wa mwalo. Akaja na bunduki yake, akanifokea: “Mzee, toka hapo. Weka hiyo taa chini, haraka.” Nikamwambia, afande, nikiiweka chini itakuwa kama ile nyingine, haina faida. Akatazama nguzo tupu, akatazama kibanda. Kumbe kaka yake anavua hapa. Akawasha sigara akaenda kusimama kivulini.

Masereka akaja, akachuchumaa mbele yangu, akaanza biashara. Hapo nilikaribia kufurahi, kwa sababu huo ndio uwanja wangu.

Kwanza akasema Mtoto atarudi nguzoni siku zisizo na mwezi. Nikamwambia mvua haitazami kalenda. Akasema basi, awe nguzoni mpaka saa nne usiku, halafu mpira ukianza upande wa Ulaya arudi. Nikamuuliza wavuvi wanarudi saa ngapi. Anajua wanaanza kurudi kabla ya kupambazuka, baba yake alikuwa mvuvi. Akasema watatafuta balbu nyingine, waitundike kwenye ule mti ulio karibu na nguzo, ni hatua chache tu, taa ni taa. Nikamwambia ukimhamisha Mtoto hatua chache, Mama atakuwa amebeba mtoto wa jirani, na watu watafuata njia ya jirani, yenye mawe. Akapunguza sauti akasema, Mzee, sote ni watu wazima, kila mmoja apate kidogo. Mtoto wiki moja kwako, wiki moja kwetu.

“Masereka,” nikamwambia, “katika kila bei uliyonitajia, kuna siku Muhindo hayupo.”

Sikujua kwamba Biira amesimama nyuma yangu, kwenye kona ya mnara, na kisu cha kupasulia samaki mkononi. Alikuwa amesikia zabuni nzima.

Hakusema na mimi wala na Masereka. Alitembea mpaka kibandani kwenu. Akavuta benchi lenu, mkiwa mmelikalia, mkaruka. Akapanda. Akakata kamba iliyomshikilia Mtoto, akachomoa nyaya moja moja, simu zenu zikaacha kunyonya moja moja, na mmoja wenu akalia kwamba ana asilimia nane tu. Akafungua betri. Paneli ilikuwa juu ya bati, akaivuta kwa mkono mmoja kama anavyovuta wavu wa kukaushia. Halafu akavua kitenge kiunoni, akabaki na sketi ya ndani, mama mtu mzima, mbele ya mwalo wote. Akainama, akaweka Mtoto na betri mgongoni, akavifunga kwa kitenge kile, akakaza fundo kifuani, akaweka paneli kichwani. Akashuka ufukweni.

Kutoka kibandani mpaka nguzoni ni parefu kwa mtu aliyebeba. Njia ile inapita mbele ya mitumbwi yote, na mbele ya kila mtumbwi mlikuwa mmesimama nyinyi, wenye mabega na magoti mazima. Alijikwaa mara moja kwenye kamba ya nanga ya mmoja wenu. Fundo likalegea, akasimama, akalikaza, akamrusha Mtoto juu kidogo mgongoni kama wanavyofanya wanawake wote, akaendelea.

Masereka aliinama akatazama viatu vyake. Mimi nilinyanyuka, nikafungua mlango, nikapanda kumrudisha Mama mahali pake, maana biashara ilikuwa imekwisha. Kutoka kule juu mwalo wote unaonekana. Nilimwona Biira kwenye ngazi ya nguzo, ameegemeza kifua, anajaribu kuifikia ndoano iliyo juu kuliko mkono wake. Muhindo alikuwa anatoka mbio upande wa pili na mbavu zake zilizovunjika, kwenda kumsaidia.

Nikawatazama nyinyi. Nikahesabu wangapi mmeweka nyavu chini mkaenda. Hakuna. Nikarudia kuhesabu kuanzia upande wa pili, kwa sababu Papa Musubao alinifundisha kuwapa watu nafasi hiyo. Huenda kuna mmoja alikuwa ameinama nyuma ya mtumbwi, kama yule mbuzi. Hakuna.

Mtoto yuko nguzoni sasa. Jioni ile mlitoka wote, asubuhi mkarudi wote, mmebebwa na mgongo wa mama mmoja, na hakuna aliyepita kwake kusema wasingya, asante ya kwetu. Mtumbwi wake bado uko ng'ambo.

Kioo cha Mtoto kinajaa wadudu kila kunapokucha. Mimi ngazi ya nguzo, iliyo wima, siiwezi tena, na Biira ana moto wa kuwasha. Sabuni ya kipande nimeiacha kwenye tundu la nguzo, upande usiopigwa mvua, na kitambaa kikavu juu yake. Kila asubuhi nakaa kwenye mlango wa mnara, kwenye kile kiti chenu nilichokifunga kwa waya. Sitamwita mtu. Nahesabu tu nani anakwenda nguzoni kusugua, na kama kawaida yangu, nahesabu mara mbili.